Basenji: mbwa "mshenzi" wa Kongo na ugomvi wa kitabu cha ukoo

Makala ya leo ni ya kujisomea taratibu, kwa hiyo kama dakika zako za kafe zinakaribia kuisha, itie kwenye flashi ukaimalizie baadaye.

Ukipita mitandaoni unakuta matangazo ya watoto wa mbwa: German Shepherd "mwenye karatasi" bei hii, asiye na karatasi bei ile. Masikio yaleyale, mkia uleule, ila karatasi inapandisha bei. Mimi nikajiuliza, hiyo karatasi inatoka wapi? Nani anaitoa? Na watu wasipokubaliana mnyama yupi aandikwe na yupi aachwe, nani anaamua?

Jibu zuri nimelikuta kwenye habari za mbwa ambaye asili yake ni hapo jirani, Kongo, na ambaye hata jina lake limetokana na Kiswahili. Anaitwa basenji. Kwa ufupi ni hivi: wazungu walimchukua Afrika, wakamfungulia kitabu, kisha wakafunga mlango. Baada ya miaka mbwa wa kwenye kitabu wakaanza kufa kwa ugonjwa wa figo. Ikabidi watu warudi vijijini Kongo kutafuta mbwa wasio na karatasi yoyote, ili wawaokoe wenye karatasi. Hapo ndipo ugomvi ulipowaka. Sasa tuende hatua kwa hatua.

KITABU CHA UKOO NI NINI?

Ni daftari. Kila mnyama anaandikwa jina lake, baba yake, mama yake, tarehe ya kuzaliwa na mwenye mali. Chama kinachotunza daftari hilo ndicho kinachotoa karatasi. Ng'ombe wana madaftari yao, farasi wana yao, mbwa wana yao, hata njiwa wa mashindano wana yao.

Madaftari haya yako ya namna mbili. Kuna kitabu kilicho wazi: mnyama mpya anaweza kuingia akikaguliwa na kuonekana anafaa, hata kama wazazi wake hawakuandikwa. Halafu kuna kitabu kilichofungwa: anaingia yule tu ambaye baba na mama yake tayari wamo. Ukiwa nje, uko nje, hata ufanane vipi na walio ndani.

Kufunga kitabu kuna faida yake, tusidanganyane. Mnunuzi anajua anachonunua. Ukitaka mbwa wa kulinda hupewa mbwa wa kubebwa mapajani. Lakini hasara yake ni hesabu nyepesi ambayo hata wa darasa la tano anaielewa: kama hakuna damu mpya inayoingia, kila kizazi kinatokana na mababu walewale. Mwisho wake binamu anazaa na binamu, na kasoro iliyojificha kwa babu mmoja inajitokeza kwa wajukuu mia.

UGOMVI HUU ULIANZA KWA FARASI

Huku Kilombero farasi tunamjua kwa picha tu. Mbung'o na ugonjwa wa nagana walihakikisha hilo tangu zamani. Lakini ukitaka kuelewa ugomvi wa mbwa lazima uanzie kwa farasi, maana ndiko desturi ya kitabu kilichofungwa ilikopata nguvu.

Uingereza walikuwa na General Stud Book, kitabu cha farasi wa mbio wanaoitwa Thoroughbred, kilichoanza miaka ya 1790. Zaidi ya miaka 100 baadaye likatokea jambo Marekani. Mwaka 1908 jimbo la New York lilipitisha sheria kali dhidi ya kamari ya farasi, na kufikia 1911 na 1912 viwanja vya mbio vya jimbo hilo vilikuwa vimefungwa. Wenye farasi wakaanza kuwapakia melini kuwapeleka Uingereza. Soko la Waingereza likatishika.

Mwaka 1913 wakaweka kanuni mpya ambayo watu waliipa jina la Jersey Act, kwa sababu Lord Jersey ndiye aliyeisukuma. Kanuni ilisema farasi hataandikwa mpaka mababu zake wote, kila upande, wawe tayari wamo kwenye kitabu cha Uingereza. Farasi wengi wa Marekani hawakuweza kutimiza hilo, kwa kuwa kumbukumbu za baadhi ya mababu zao hazikukamilika, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1860 vilikuwa vimevuruga mengi. Wakaitwa "nusu damu".

Hawakuzuiwa kukimbia, lakini bei yao ilishuka. Nani anunue dume la kuzalishia ambalo watoto wake hawataandikwa?

Kichekesho ni kwamba mwaka uliofuata tu, 1914, mashindano makubwa ya Derby yalichukuliwa na Durbar II, farasi ambaye kwa kanuni ile hakuwa "safi". Mwaka 1948 tena, My Babu na Black Tarquin, wote "nusu damu", wakashinda mbio mbili kati ya zile tano kubwa za Uingereza. Unamwambia mtu farasi wake si damu halisi huku farasi huyo anakupita anakutimulia vumbi! Mwaka 1949 kanuni ikafutwa. Sharti jipya likawa kwamba farasi aonyeshe vizazi vinane au tisa vya damu iliyokubalika, ukoo wa karibu miaka 100, na matokeo uwanjani.

Shikilia hilo: Waingereza walichukua miaka 36 kukubali kwamba mnyama anaweza kuwa halisi bila kuwa kwenye kitabu chao. Sasa tuje kwa mbwa.

BASENJI NI MBWA GANI?

Ni mbwa mdogo wa kuwinda. Dume lina urefu wa kama sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11 hivi, jike pungufu kidogo. Masikio yamesimama, paji la uso lina mikunjo kama mzee anayewaza ada ya shule, na mkia umejikunja juu ya mgongo kama kitumbua.

Mambo mawili yanamtofautisha. La kwanza, habweki kama mbwa wengine. Ana sauti, anaweza kutoa mlio kama wa kuimba, lakini ile "wau wau" ya kukesha usiku kucha hana. La pili, jike kwa kawaida linapata joto mara moja kwa mwaka, wakati majike ya mbwa wengi hupata mara mbili.

Kwao ni misitu ya Kongo mpaka pembeni mwa Sudan Kusini. Wambuti wa msitu wa Ituri huwinda kwa nyavu wakiwa na mbwa wa namna hii, na kwa kuwa mbwa hawapigi kelele, wanafungwa kengele ya mti shingoni. Wawindaji wanafuata mlio wa kengele, mnyama anakimbilia wavuni.

JINA LAKE

Hapa msomaji wa Kiswahili atacheka na kukasirika kwa pamoja. "Basenji" ni "washenzi". Watu wa pwani walilitumia neno hilo kwa watu wa bara, tena kwa dharau. Likasafiri na misafara mpaka Kongo, na kule "wa-" yetu ikawa "ba-" yao. Mbwa wa basenji maana yake mbwa wa washenzi, yaani mbwa wa watu wa porini.

Kwa hiyo leo kuna mabibi na mabwana Ulaya wanaomwogesha mbwa kwa sabuni ya bei mbaya, wanampeleka kwenye mashindano, na wanamwita kwa fahari kabisa mshenzi. Jina la dharau limegeuka jina la heshima, ila heshima yenyewe imempata mbwa. Wenye mbwa wameachiwa dharau.

ALIVYOFIKA ULAYA NA MAREKANI

Safari hazikuwa rahisi. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa Crufts, onyesho kubwa la mbwa Uingereza. Wakafa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa virusi unaoua sana mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta sita kutoka Sudan. Wote wakafa baada ya kudungwa chanjo ya distempa ya enzi hizo.

Katika miaka ya 1930 ndipo Olivia Burn alipofanikiwa, na mwaka 1937 mbwa wake walipoonyeshwa Crufts watu walijazana kuwatazama. Marekani nao wakapata wa kwao wachache, na mwaka 1942 Basenji Club of America ikaanzishwa. Muda mfupi baadaye American Kennel Club, chama kikubwa cha kusajili mbwa Marekani, kikaanza kuwaandika.

Hebu tulia hapa kidogo. Hao mbwa wa kwanza walioandikwa walikuwa na karatasi gani? Hawakuwa nayo. Walitoka kijijini, mtu akawatazama, akasema "hawa ndio". Karatasi ilianzia hapo, kwa jicho la mtu.

Mwaka 1959 Mwingereza Veronica Tudor-Williams, aliyekuwa mfugaji maarufu wa basenji, alisafiri mpaka kusini mwa Sudan na kurudi na jike jekundu lenye nyeupe aliyeitwa Fula of the Congo. Fula hakuwahi kuonyeshwa kwenye mashindano, lakini karibu kila basenji aliyesajiliwa duniani ukifuatilia ukoo wake unamkuta Fula. Jike mmoja wa kijijini amekuwa bibi wa wote. Inaonyesha jinsi mababu walivyokuwa wachache.

UGONJWA UNAINGIA

Shida ya kwanza ilikuwa upungufu wa damu wa kurithi. Wafugaji walipopata njia ya kumtambua mbwa anayebeba kasoro hiyo, wengi waliacha kuwazalisha wabebaji wote. Nia ilikuwa nzuri. Lakini ukoo ulikuwa tayari mwembamba, na sasa wakaupunguza zaidi.

Kisha ikaja Fanconi, iliyoanza kuripotiwa miaka ya 1970. Nieleze kwa lugha ya mtaani. Figo kazi yake ni kuchuja, halafu kurudisha mwilini vitu vya maana. Mbwa mwenye Fanconi figo zake hazirudishi. Sukari, chumvi na vijenzi vya protini vyote vinatoka kwenye mkojo. Mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kupita kiasi, anakonda huku anakula, na asipotibiwa anakufa.

Ubaya wa Fanconi ni muda wake. Kwa kawaida dalili zinaanza mbwa akiwa na umri wa miaka minne mpaka minane. Wakati huo ameshazaa. Mfugaji anagundua dume lake linaumwa huku watoto wake wameshauzwa miji kumi tofauti, nao wameshazaa pia. Kwa sababu mbwa anahitaji kurithi kasoro kutoka kwa baba na kwa mama ili augue, wazazi wanaweza kuonekana wazima kabisa. Na kwenye ukoo mwembamba, uwezekano wa mbebaji kukutana na mbebaji ni mkubwa.

Nani atakuletea damu mpya? Kitabu kimefungwa.

SAFARI ZA 1987 NA 1988

Kundi la wafugaji wa Marekani, wakiwemo Jon Curby, Michael Work, Damara Bolte na Stan Carter, wakaamua kufanya kama waanzilishi walivyofanya. Kwa safari tofauti mwaka 1987 na 1988 walikwenda kaskazini-mashariki mwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Waliingia vijijini mbali na barabara, wakatazama mbwa, wakazungumza na wenyewe, wakachagua na kuondoka nao. Baadhi yao walipewa jina la Avongara, kutokana na ukoo wa kitawala wa Wazande.

Mbwa wakafika Marekani. Wana masikio ya basenji, mkia wa basenji, tabia ya basenji. Ila kwa kitabu hawakuwa basenji. Walikuwa mbwa koko kutoka Zaire.

PANDE MBILI ZA UGOMVI

Nimejaribu kuzipanga hoja kwa haki, maana kila upande una lake.

Waliokataa walisema hivi:

1. Hatujui baba wala mama wa mbwa hawa. Kitabu cha ukoo bila ukoo kina maana gani?
2. Wabelgiji, wamisionari na wafanyabiashara walileta mbwa wao Kongo kwa miaka mingi. Utajuaje kama hakuna mchanganyiko?
3. Baadhi yao wana rangi ya milia milia, ambayo haikuwemo kwenye orodha ya rangi zinazokubalika. Wakiruhusiwa, sura ya basenji itabadilika.
4. Unaleta damu kuponya ugonjwa mmoja, huenda unaleta ugonjwa mwingine usioujua.

Waliokubali wakajibu:

1. Hata mababu wa mbwa wenu walitoka kijijini bila karatasi. Fula alikuwa na karatasi gani alipotoka Sudan?
2. Ndiyo maana tumekwenda mbali na miji na misheni, ambako mbwa wa kigeni hawakufika sana.
3. Milia ipo kwa mbwa wa Kongo wenyewe. Anayepaswa kurekebishwa ni orodha yenu.
4. Mkisubiri usafi kamili, mtabaki na kitabu kisafi na mbwa wagonjwa.

Mimi hoja ya nne ya upande wa pili ndiyo inayonikaa. Lakini ile ya kwanza ya wapinzani si ya kijinga. Mtu amenunua mbwa kwa pesa nyingi kwa sababu ya uhakika wa ukoo, leo unamwambia jirani ameokota mbwa safarini na wote ni sawa. Hata mimi ningeuliza maswali.

UAMUZI

Klabu ya basenji ya Marekani iliomba mlango ufunguliwe, na mwaka 1990 American Kennel Club ikakubali. Mbwa 14 kutoka Afrika wakaingizwa kwenye kitabu, na rangi ya milia ikakubaliwa rasmi. Ni 14 tu, lakini kwa ukoo uliokuwa mwembamba hivyo, 14 ni wengi.

Haikuishia hapo. Kitabu kilifunguliwa tena tarehe 1 Januari 2009 mpaka 31 Desemba 2013, kwa mbwa waliochaguliwa kutoka Afrika. Safari hii kulikuwa na utaratibu maalumu wa kuwakagua kwanza. Yaani jicho la mtu lilebaki, lakini likawekewa masharti.

Katikati ya hayo sayansi nayo ikasogea. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha kwanza cha vinasaba cha Fanconi, na mwaka 2011 kikapatikana cha moja kwa moja kinachoonyesha kasoro yenyewe. Sasa mfugaji anaweza kumzalisha mbebaji na mbwa asiye na kasoro, akajua hakuna mtoto atakayeugua. Hakuna haja ya kutupa nusu ya ukoo kama walivyofanya kwenye ule ugonjwa wa damu.

Mtu atauliza, kama kipimo kilipatikana 2007, kwa nini wafungue tena kitabu 2009? Kwa sababu kipimo kinatafuta ugonjwa mmoja unaoujua. Damu mpya inasaidia hata kwa yale usiyoyajua bado.

VINASABA VILISEMAJE?

Mwaka 2009 ulitoka utafiti wa vinasaba wa mbwa wa vijijini Afrika, ukiongozwa na Adam Boyko. Walipima mbwa 318 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Walitaka kujua kama mbwa wetu wa vijijini ni wa asili kweli au ni mabaki ya mbwa wa wakoloni.

Matokeo yake ni ya kusimulia. Sehemu nyingi walizopima, Uganda ikiwemo, mbwa wa vijijini wana damu yao wenyewe, tofauti na ya mbwa wa kizungu. Kwenye baadhi ya maeneo ya Namibia ndiko mchanganyiko ulikoonekana zaidi. Basenji alipolinganishwa akaangukia kundi moja na mbwa wa asili wa Afrika. Lakini Pharaoh Hound, anayeuzwa kwa hadithi za mafarao, na Rhodesian Ridgeback, mwenye jina la Kiafrika, damu yao kubwa ikaonekana imetoka nje ya Afrika.

Kwa maneno mengine, mbwa wenye karatasi za "Afrika" wengine si wa Afrika sana, na mbwa asiye na karatasi anayelala jikoni kwa bibi yako Uganda ndiye mwenye damu ya kale. Hoja ya pili ya wapinzani ilipata jibu, ingawa lilichelewa miaka 19.

NA HUKU KWETU JE?

Kwenye orodha ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, basenji ameandikwa asili yake ni Afrika ya Kati, lakini nchi yenye ulezi wa viwango vyake ni Uingereza. Soma tena. Mbwa ni wa Kongo, kalamu iko Uingereza. Mwindaji wa Ituri ambaye babu zake walimfuga hana sauti kuhusu mkia ukunjwe vipi.

Si lazima iwe hivyo. Afrika Kusini kuna mbwa wa asili wanaoitwa Africanis, na chama chao, kilichoanzishwa 1998 kwa juhudi za Johan Gallant na wenzake, hakikutaka kuwafanyia kama basenji. Wao wanasema mbwa hawa wametengenezwa na maisha ya kijijini, kwa hiyo wabaki na tofauti zao, wasichongwe wafanane kama matofali.

Kwa ng'ombe hata Afrika Mashariki tuna mifano. Kenya wana chama cha wafugaji wa Boran tangu 1951, kilichoanzishwa na wenye mashamba makubwa. Jina ni la Waborana, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, lakini kitabu kilianzia kwa masetla. Na hapa Tanzania tuna ng'ombe wa Mpwapwa, aliyetengenezwa kwenye kituo cha utafiti kule Dodoma kwa kuchanganya Red Sindhi na Sahiwal wa bara Hindi, zebu wetu wa kienyeji, Boran na damu kidogo ya Ulaya. Huyo ni mchanganyiko mtupu, na bado ni mbegu inayotambuliwa kwa jina lake. Kwa hiyo "usafi" si lazima utoke mbinguni (wa huko juu, si hapa kwetu Mbingu). Watu wanakaa, wanachagua, wanatunza kumbukumbu, baada ya vizazi kadhaa watoto wanafanana na wazazi, mbegu imepatikana.

Mbwa wetu wa Kilombero je? Wanalinda mpunga usiliwe na nguruwe pori, wanafukuza ngedere kwenye mahindi, wanaishi kwa ugali na dagaa. Daftari pekee wanaloandikwa ni la chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuanzia 2010 mradi wa WHO wa kutokomeza kichaa ulifanyika kusini-mashariki mwa Tanzania na Pemba, na Kilombero na Ulanga zilikuwemo. Kwa maoni yangu hilo ndilo daftari la kwanza ambalo kila mbwa anapaswa kuwemo, awe German Shepherd wa laki kadhaa au koko wa bure. Mbwa akimng'ata mtoto, hakuna anayeuliza babu yake nani. Wanauliza amechanjwa?

TAREHE ZA KUKUMBUKA

1895: basenji wa kwanza waonyeshwa Crufts, wafa kwa distempa.
1913 hadi 1949: Jersey Act yawafungia nje farasi wengi wa Marekani.
1937: basenji wa Olivia Burn wavuta umati Crufts.
1942: Basenji Club of America yaanzishwa.
1959: Fula aletwa Uingereza kutoka kusini mwa Sudan.
1987 na 1988: safari za Wamarekani kwenda Zaire.
1990: mbwa 14 na rangi ya milia waingia kwenye kitabu.
2007 na 2011: vipimo vya vinasaba vya Fanconi.
2009 hadi 2013: kitabu chafunguliwa mara ya pili.

NENO LA MWISHO

Sijasema karatasi ni upuuzi. Bila kumbukumbu hata Fanconi isingejulikana inarithiwa vipi, maana walifuatilia koo kwenye madaftari hayohayo. Ninachosema ni kwamba kitabu ni kumbukumbu ya mnyama, na mnyama hakuzaliwa na kitabu. Kikisahau hilo, kinaanza kuwakana ndugu wa damu wa wale waliomo, na wanaoumia ni waliomo.

Ukienda kununua mbwa mwenye karatasi, uliza maswali matatu: imetolewa na chama gani, wazazi wamepimwa magonjwa gani ya kurithi, na je, baba na mama ni ndugu wa karibu? Muuzaji akijibu la kwanza tu, akababaika kwa mawili yaliyobaki, jua umeuziwa karatasi.

Sasa niwaulize wadau. Tuseme kesho tunaanzisha kitabu cha mbwa wa kienyeji wa Tanzania. Tufunge mlango au tuache wazi? Na nani akae mlangoni: mtaalamu wa mifugo wa wilaya, au yule mzee wa shamba la mpunga ambaye amefuga mbwa miaka 40 na hajawahi kupoteza gunia kwa nguruwe? Mimi kura yangu nampa mzee, akae na mtaalamu pembeni wa kumshikia kalamu. Semeni ya kwenu hapo chini, bila matusi tafadhali.